Kikapu cha Vitu Vibovu

Ukitaka kumjua mtoto, usimwulize mama yake, maana mama atasifia tu. Niletee suruali ya huyo mtoto nikuambie ni mtu wa aina gani. Mimi ni fundi wa kushona, na kazi yangu kubwa si nguo mpya bali kuziba matundu ya nguo kuukuu, hasa za shule. Goti likitoboka, huyo ni mtoto wa kutambaa na magari sakafuni. Mfuko ukichanika kwa ndani, huyo haoni kitu chini akakiacha. Na kola iliyotafunwa ni ya mtoto anayesikiliza mazungumzo ya wakubwa huku akijifanya hasikii. Nilikuwa nikijitapa kwamba sijawahi kukosea. Wateja walicheka, nami nilizidi kujitapa.

Kwetu sikukuu za mwisho wa mwaka huenda kwa zamu. Watoto wote hukusanyika nyumbani kwa mama, na mmoja wetu sisi ndugu watatu huwa ndiye mtoa zawadi. Mwaka uliotangulia zamu ilikuwa ya kaka. Yeye na mkewe, wifi mkubwa, waliingia na maboksi ya dukani yanayong'aa, kila mtoto na gari lake la kujiendesha lenyewe, yote ya aina moja. Wiki haikuisha, magari yakawa chini ya kitanda cha mama yamekata pumzi. Hata hivyo hakuna aliyeyasahau yale maboksi, maana wifi hakutupa nafasi ya kuyasahau.

Mwaka huu zamu ilikuwa yangu, na mota ya cherehani yangu ilichagua mwezi huohuo kuungua. Nilinunua nyingine kwa sababu bila cherehani sili. Pesa iliyobaki ingetosha zawadi ya mtoto mmoja, tena awe mtoto asiyependa makuu. Watoto walikuwa watano.

Wifi mkubwa alinifuata kazini, akakaa kwenye kiti cha wateja na mkoba wake mapajani.

"Wifi, tumezungumza na kaka yako," alisema. "Mwaka huu wewe pumzika. Tutanunua sisi."

"Nani kawaambia nimechoka?"

"Si hivyo. Hali tunaiona."

"Mnaiona kutokea wapi? Mbona sijawahi kuwaona mkipita hapa?"

"Usinune, wifi yangu. Mtoto haelewi mambo ya kubana matumizi. Ukimpa kitu cha ajabuajabu mbele ya wenzake unamuumiza."

Nilimwambia asante, lakini kwa sauti ambayo hata yeye aliielewa, akanyanyuka. Damu ilinichemka mpaka nikashona mkono wa shati la mteja upande usio wake. Nilifumua, nikashona upya, na nilipomaliza nilikuwa nimeshaapa kwamba zamu yangu siigawi.

Siku chache baadaye alikuja wifi mdogo, mke wa mdogo wangu. Huyu ni mtaratibu, mtu wa kugonga mlango hata ukiwa wazi. Alikuwa ameolewa kwetu mwaka huohuo, wakawa wanaishi na mdogo wangu kwa mama, na alikuja na binti wa miaka minane aliyelelewa tangu uchanga na bibi yake mzaa mama, mbali na hapa. Watoto wa kaka walimbandika jina la Mgeni, na jina likaganda. Sikulipenda, lakini hata mimi lilikuwa limeshanizoea mdomoni.

Wifi mdogo alileta gauni la njano la mtoto, upindo umefumuka. Alinikabidhi, kisha akasimama tu, haondoki.

"Kuna jingine?" nilimwuliza.

"Anataka kurudi kwa bibi yake, wifi." Machozi yalikuwa yameshamtoka. "Begi lake hajalifungua tangu tuje. Anachomoa nguo moja, anavaa, inafuliwa, anairudisha. Nimemwahidi kwamba sikukuu zikipita akiwa bado anataka kuondoka, nitamrudisha."

"Umemwahidi?"

"Nifanyeje? Kila usiku ananiuliza tunaondoka lini. Siwezi kumfunga kamba."

"Na mwanaume wako anasemaje?"

"Mdogo wako anampenda. Anamnunulia pipi. Mtoto anasema asante, anaziweka kwenye begi."

Nilimshika bega, nikamwambia aniachie gauni. Akili yangu ilikuwa imeshahama. Niliona kwamba wenzangu wote walikuwa wamempa huyu mtoto vitu ambavyo angepewa mtoto yeyote, na kwamba ninayejua kumsoma mtoto nilikuwa mimi. Nikimpa kitu ambacho ni chake hasa, kikimgusa, atafungua begi lile. Nilikusudia abaki. Maboksi ya wifi mkubwa sasa yalikuwa kitu kidogo.

Nikaanza kazi. Chini ya meza yangu kuna gunia la mabaki, vipande vya jinzi, vya kitambaa cha suti na vya mapazia, vitu ambavyo fundi hatupi hata nyumba ijae. Jirani yangu, fundi makochi, alinipa mabaki ya kitambaa kizito cha viti. Muuza duka wa ng'ambo ya barabara alinipa maboksi matupu. Nilikata boksi kwa umbo la kikapu, nikalivika kitambaa nje na ndani, nikapiga mshono wa kuzunguka, nikasuka mpini kwa vitambaa vitatu vya rangi tofauti. Kikapu cha kwanza kilisimama kama mlevi. Cha pili kilisimama kama askari, nikajua nimeweza. Kila kikapu nilikitarizi jina halisi la mwenyewe, si la utani, kwa uzi mnene.

Kisha nikaweka vya ndani, na hapo ndipo matundu yaliponisaidia. Kitinda mimba wa kaka, yule tunayemwita Tingatinga, suruali zake zote zimeisha magoti. Nilimshonea vikinga magoti vya jinzi vyenye pamba ndani, nikamtengenezea lori kwa vipande vya mbao, magurudumu yake ni vile vigurudumu vya uzi vinavyobaki uzi ukiisha. Kaka yake anayemfuatia kwa juu ni Madini, mtoto wa kuokota mawe, mfuko wake nimeuziba mpaka umekuwa viraka vitupu. Huyo nilimshonea mkoba wenye vijumba vidogovidogo vya kupanga mawe, na ndani nikaweka lenzi niliyoitoa kwenye miwani ya zamani ya mama. Dada yao, mtafunaji wa kola, alipata vikaragosi vya kuvaa mkononi, wanasesere wenye sura za watu wazima wanaogombana, pamoja na mfuko wa karanga ili meno yapate pa kufanyia kazi. Binti mkubwa wa kaka, mwenye miaka kumi na mitano, nilimshonea bendi za nywele za vitambaa vya hariri. Nguo zake hazinifikii, wifi humnunulia za madukani, kwa hiyo kwake nilienda kwa kukisia.

Gauni la njano la Mgeni nililisoma kama gazeti. Upindo wa mbele ulikuwa umepauka, mahali panapogusa sakafu mtu akipiga magoti. Kiwiko cha kulia kimelika. Na ukingo wa mkono ulikuwa na madoa ya rangi ya buluu na nyekundu ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Nilipiga kofi mezani peke yangu. Mchoraji! Mtoto mchoraji yumo ndani ya nyumba na hakuna mtu aliyempa hata karatasi. Pesa yangu yote ya zawadi niliipeleka huko, kwenye rangi za maji, brashi na karatasi nzito, nikashona aproni ya kuzuia madoa. Kichwa kilinivimba. Nilipita mbele ya kikapu kile mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka, ili nikitazame tu.

Siku moja kabla ya mkusanyiko, mchana, yule binti mkubwa wa kaka alikuja kuchukua suruali za wadogo zake. Gauni la njano lilikuwa limening'inia ukutani, nimeshalipiga pasi.

"He, shangazi! Hili gauni bado lipo?"

"Kwani unalijua?"

"Si langu hili! Nililivaa mpaka likanibana. Ona, hii rangi nilijimwagia nikichora tembo." Aliligusa lile doa la mkononi, akacheka. "Mama aligomba siku hiyo! Baadaye alilitoa kwa Mgeni."

Nilikaa chini.

"Ulikuwa unachora?"

"Sana. Nilikuwa nalala sakafuni siku nzima na makaratasi. Mama akasema nachafua nyumba." Aliinua mabega, akakunja suruali za wadogo zake. "Siku hizi sichori."

Alipotoka nilibaki nimekodoa macho kwenye kikapu changu nilichokipenda. Aibu ilinipanda kutoka miguuni. Mtoto ambaye kila alichovaa kilikuwa cha mwenzake, mimi shangazi mwenye kujua kusoma nilitaka kumpa hata mapenzi ya mwenzake. Fundi yeyote angeuliza kwanza gauni limetoka wapi. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshajiona mganga. Na wifi mkubwa angekuwa amesema kweli: ningemuumiza mtoto mbele ya wenzake, na keshokutwa angeondoka.

Nilifunga kazi mchana kweupe, nikaenda kwa mama huku utepe wa kupimia bado uko shingoni.

"Mgeni yuko wapi?" nilimwuliza mama.

"Yuko nyuma, ngazini. Ila kabla hujakaa naye ficha saa yako."

"Kafanya nini?"

"Uliza ambacho hajafanya. Tochi yangu kaifungua, sasa haiwaki mpaka uipige kofi. Kalamu za wenzake zote hazina springi. Na kitasa cha choo kakifungua kwa kijiko! Jana kaka yako kafungiwa humo ndani, kapiga kelele mpaka majirani wakadhani tumevamiwa." Mama alijitahidi kukunja uso lakini kicheko kilimshinda. "Mtu mzima na kitambi chake, katolewa kwa dirisha."

Mtoto alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, begi liko pembeni yake. Aliniamkia vizuri, kisha akaficha kitu kiganjani.

"Umekuja kunigombeza?"

"Kwa nini nikugombeze?"

"Kwa sababu ya choo."

Nilikaa naye ngazini. "Ulikuwa unatafuta nini ndani ya kitasa?"

Alinitazama kwa muda, kama anayepima bei ya kitu. "Ukizungusha huku, kile kiulimi kinatoka kule. Nilitaka kuona kinajuaje."

"Ukaona?"

"Kuna chuma kama mkia. Kinakisukuma." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikusita hata kidogo. "Nilikirudisha kama kilivyokuwa. Ila skrubu moja ilibaki, sijui ni ya wapi." Akafungua kiganja, skrubu ilikuwemo.

Sikucheka, ingawa nilimwona kaka na kitambi chake dirishani.

"Na kwa bibi yako unafungua vitu?"

"Kwa bibi kuna vibovu. Kikifa ananipa, ananiambia haya, kazi yako. Hapa hakuna kibovu. Kila kitu kina mtu wake anakitumia."

Mwanangu, nilitaka kumwambia, miezi yote hii ulikuwa unatafuta kitu kilichokufa nasi tunakupa pipi! Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, yeye mwenyewe, si nguo. Vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo midogo kama ya kwangu mimi mshika sindano. Gauni alilovaa lilimpwaya mabegani na kumbana kwapani.

"Simama nikupime," nilimwambia.

"Kwa nini?"

"Fundi hashoni bila kupima."

Alisimama wima kabisa, mikono imeachwa mbali na mwili, hata hapumui. Nilipompitishia utepe kifuani niliona anatazama namba.

"Sijawahi kupimwa," alisema.

"Hata mimi nilikosea. Nilitakiwa nianze na hili."

Nilirudi mtaani karibu kwa kukimbia. Mota yangu iliyoungua niliitoa kwenye kona, nikaifuta vumbi. Saa ya ukutani ya kazini kwangu, ambayo tangu isimame naiacha kwa ajili ya urembo, niliishusha. Fundi makochi alinipa kufuli lililopoteza ufunguo. Kinyozi alinipa mashine ya kunyolea iliyokwisha, muuza duka akanipa redio yake ndogo iliyoanguka ndani ya ndoo ya maji.

"Fundi, umehamia kwenye chuma chakavu?" kinyozi alinitania.

"Ndiyo. Na wewe ukizeeka nitakuja kukuchukua."

Hakuna aliyenidai hata senti. Wote walikuwa na vitu vilivyokufa ambavyo roho iliwauma kuvitupa, na walifurahi vimepata kwao. Nilivitoa betri na kukata nyaya zote za umeme, kisha nikakaa kwenye cherehani. Nilikata ovaroli ya jinzi kwa vipimo vile, mabega yake, kiuno chake, urefu wa miguu yake. Nikaijaza mifuko: mrefu wa bisibisi, mpana wa koleo, na mmoja mdogo wenye kifungo kwa ajili ya skrubu zinazobaki. Bisibisi ndogo iliyokuja na cherehani yangu, ile ambayo sijawahi kumwazima mtu, niliichomeka kwenye mfuko wake. Kikapu chenye jina lake nilikimwaga, nikakijaza vibovu. Rangi na brashi nilizipeleka kwenye kikapu kingine. Kabla taa za barabarani hazijawaka nilikuwa nimemaliza, mgongo unaniuma na moyo mweupe kabisa.

Siku yenyewe sebule ya mama ilijaa. Wifi mkubwa alikuja na mfuko mkubwa wa dukani, akausukuma nyuma ya kochi kwa mguu akidhani sijaona. Alikuwa amenunua zawadi za akiba, kwa ajili ya aibu yangu. Nilimwamkia kwa furaha. Wifi mdogo alikaa karibu na mlango, amemshika bintiye mkono, na begi lilikuwa hapo kati ya miguu yao.

Niliviingiza vikapu vyote vitano mara moja, viwili mikononi na vingine kichwani kwenye sinia kubwa la mama. Sebule ikalipuka.

"Kimeandikwa mimi!" Madini alipiga kelele. Kumbe watoto hawa hawakuwahi kupewa kitu chenye jina lao. Tingatinga alivaa vikinga magoti, akaanguka chini kwa makusudi, akainuka, akaanguka tena, akatangaza kwamba haumii. Lori lake lilipita juu ya miguu ya kaka. Mtafunaji alivaa vikaragosi, mmoja kila mkono, na vikaanza kugombana kwa maneno ambayo kaka na mkewe waliyatambua mara moja, wakatazamana.

"Hayo umeyatoa wapi?" kaka aliuliza.

"Kikaragosi ndiye anasema, si mimi," mtoto alijibu huku anatafuna karanga.

Binti mkubwa alifunua kikapu chake, akatoa bendi za nywele, akatabasamu kwa adabu. Kisha akaona kilichokuwa chini. Alizishika brashi. Alimtazama mama yake kama mtu anayeomba ruhusa ya kupumua.

"Kuna aproni," nilisema, "wala nyumba haitachafuka." Nilikuwa nimemtazama wifi.

Wifi alifungua mdomo, akamwona mwanawe uso wake ulivyokuwa, akaufunga. "Chora basi," alisema polepole. "Chora, mama. Hata sikujua bado unataka."

Kilibaki kikapu kimoja. Mgeni alikuja mwenyewe, akapiga magoti mbele yake, akasoma jina lake kwa kidole. Halafu akatoa mota. Akatoa saa. Akatoa kufuli, mashine ya kinyozi, redio. Alivipanga sakafuni, na sebule yote ilikuwa inatazama.

"Wifi, jamani," wifi mkubwa alininong'oneza, kunong'ona kwa mtu anayetaka asikiwe, "mtoto umempa takataka?"

Mtoto hakuwa amemsikia. Alikuwa ananitazama mimi.

"Vyote vimekufa?"

"Vyote. Nimehakikisha mwenyewe."

"Hakuna mtu anavitaka?"

"Hakuna. Ni vyako."

"Nikivifungua visiporudi?"

"Visirudi. Kazi yako."

Alitabasamu hapo. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake, na nakuambia kweli, nilitaka kulia mbele za watu. Aliivuta ovaroli, akaona bisibisi imechomoza mfukoni, akavaa juu ya gauni palepale bila kuuliza. Ilimkaa. Mabega yalikaa kwenye mabega, na miguu haikuhitaji kukunjwa. Alipapasa mifuko mmoja mmoja, akaufikia ule wenye kifungo, akaielewa kazi yake bila kuambiwa. Alitoa skrubu ya kitasa alipokuwa ameificha, akaitumbukiza humo, akafunga kifungo.

Kisha akakaa katikati ya sebule, akaifungua saa.

Dakika zile za mwanzo watoto waliendelea na mambo yao. Lakini mfuniko wa saa ulipotoka na magurudumu ya ndani yakaonekana, Madini alisogea na lenzi yake. "Dunia! Njooni muone meno yake!" Mtafunaji akasogea na vikaragosi vyake, vikaanza kubishana kuhusu nani aliyeiua saa. Binti mkubwa alikaa nyuma yao na karatasi, akachora magurudumu yale, kwanza kwa woga, halafu mkono ukakumbuka. Mgeni aliwaeleza gurudumu lipi linasukuma lipi, na alipokosea alisema ngoja, akaanza upya, nao wakangoja. Mama alileta tochi yake, akaiweka mwisho wa foleni.

Tingatinga peke yake hakuwa na subira. Alizunguka nyuma ya kochi na lori lake, akatoka na mfuko wa wifi. Kabla mtu hajamkamata alikuwa amechana boksi na kutoa gari jipya la kung'aa, lile la kujiendesha lenyewe. Aliliangalia kidogo, akalipeleka moja kwa moja kwa Mgeni.

"Lifungue."

"Mama yangu! Hilo ni jipya!" wifi alipiga ukelele.

"Ndiyo maana," Tingatinga alimweleza kwa upole, "lifunguliwe kabla halijafa."

Kaka alianza. Alicheka mpaka kitambi kikatikisika, mama akafuata, mdogo wangu akashika ukuta. Wifi mkubwa alisimama katikati na boksi lililochanika mkononi, akajitahidi kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ukingo wa mtandio. Baadaye alinisogelea jikoni.

"Wifi, zamu yetu ikirudi, utatushonea vikapu?"

"Nitawashonea. Kwa bei ya fundi."

"Mbaya wewe."

"Mbaya, lakini nafanya kazi nzuri." Tulicheka pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu aolewe. Nikiwa mkweli, ushindi ulikuwa mtamu na sikutaka kujifanya haukuwa.

Jioni wageni walipoanza kuaga, sebule ilikuwa imejaa nyaya, skrubu na vipande vya saa. Saa haikurudi kuwa saa, na mota haikurudi kuwa mota, wala hakuna aliyejali. Wifi mdogo alikuwa amengoja siku nzima. Niliona anavyokusanya nguvu. Alichuchumaa karibu na bintiye, akamwekea mkono mgongoni.

"Mwanangu," alisema, "nilikuahidi. Sikukuu zimepita. Kesho asubuhi nikupeleke kwa bibi?"

Mtoto hakuinua kichwa. Alikuwa amelala kifudifudi, shavu karibu na sakafu, anachungulia ndani ya redio, huku Madini amemshikia tochi na mtafunaji amemshikia bisibisi. Alifikiri, na alichukua muda wake kufikiri.

"Mwambie bibi aje yeye," alisema. "Atalala kwangu."

Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, na mtafunaji akampa bisibisi.